Foleni ya Sauti

Bi Salma alikuwa ameshazikwa nilipofika Chanika. Taarifa ilinifikia kwa mtu wa tatu, mvua ilikuwa imeharibu barabara ya ndani, na nilipoingia uani kwao wanaume walikuwa wanarudi kutoka makaburini, wananawa miguu bombani. Nilivua viatu, nikaweka sawa kanga kichwani, nikakaa kwenye mkeka karibu na ukuta. Mama mmoja pembeni yangu akaniuliza kwa sauti ya chini, "Wewe nani wake?" Nikamjibu kwamba tuliwahi kufanya kazi pamoja hospitalini, Tegeta. "Kazi ya simu?" Nikasema yeye alikuwa wa simu, mie nilikuwa wa mitambo. Akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye tasbihi yake, nami nikabaki naufikiria mwaka mmoja tu kati ya miaka yangu yote, mwaka niliouishi kwa hofu toka ulipoanza mpaka ulipokwisha, na ambao bila huyo marehemu sidhani kama ningeumaliza nikiwa bado fundi.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimetoka chuo, na hospitali ile ya binafsi ilikuwa imeniajiri kwa majaribio. Ilikuwa na majengo mawili: la zamani, kubwa, liko Temeke, na jipya, lililokuwa bado linanuka rangi, Tegeta. Kati ya majengo hayo kulikuwa na laini moja ya mawasiliano na kila kitu kilipita humo: mafaili ya wagonjwa, picha za eksirei, majibu ya maabara, na simu za mezani. Simu za zamani, zile zenye waya wake peke yake, walikuwa wameshaziondoa. Sauti ya daktari sasa ilikatwa vipande vidogo vidogo, ikapita kwenye njia ileile ya kompyuta, ikaunganishwa upande wa pili. Njia ikiwa nyeupe hujui kama kuna kilichobadilika. Njia ikijaa, vipande vinachelewa, vingine vinatupwa, na anayesikiliza anapata maneno yenye matundu. Picha ya eksirei ikichelewa kidogo hakuna anayejua. Sauti ikichelewa kidogo haina kazi tena.

Chumba cha mitambo kilikuwa nyuma ya chumba cha dobi cha hospitali, kwa hiyo kilinuka jiki na shuka za moto, na kiyoyozi chake kilidondosha maji kwenye ndoo kutwa nzima. Humo ndimo ilimokaa swichi kuu, kisanduku cheusi chembamba chenye taa za kijani zisizotulia, nyaya za mawasiliano za jengo zima zimeingia tumboni mwake. Niliiogopa kama mtu anavyomwogopa mbwa wa jirani. Siku yangu ya kwanza bosi wangu, Injinia Mushi, alinisimulia habari ya kijana mmoja wa kampuni nyingine aliyeandika mstari mmoja kimakosa mchana kweupe. Jengo zima likakatika mawasiliano, na kijana mwenyewe hakurudi hata kuchukua begi lake. "Sie hapa hatuuzi nguo, Sekela," aliniambia. "Ukizima kitu hapa, kuna mtu kitandani." Toka siku hiyo nikawa naota taa za kijani zinazimika moja moja. Kwenye chumba nilichopanga, simu ya jirani ikilia nyuma ya ukuta nilikuwa nashtuka, nakaa kitandani, nikidhani ni hospitali wananiita waniulize nimefanya nini.

Ukuta kati yetu na ofisi ya utawala ulikuwa mwembamba. Adhuhuri moja nilikuwa nimechuchumaa nafunga nyaya, nikamsikia katibu wa hospitali akisema, "Injinia, simu zinakatika. Juzi wodi ya wazazi wameomba damu, Temeke wamesikia dawa. Gari limekuja na dawa! Tumeponea chupuchupu." Mushi akamwambia kwamba lipo la kufanya, kwamba swichi zinaweza kupangiwa foleni, sauti ikapita mbele na vingine vikangoja. "Sasa mbona hampangi?" Kisha nikamsikia Mushi, mtu mwenye mwili na sauti nzito, akisema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Ukikosea kupanga, unazima vyote." Katibu akauliza, "Na yule binti uliyemleta?" "Yule? Anaogopa hata kivuli chake. Tumuache amalize majaribio, tutaona." Nilibaki palepale chini, tai za plastiki za kufungia nyaya mkononi. Nimeyarudia maneno yale mara nyingi maishani, na siku hizi, nikiwa na mafundi wangu mwenyewe, nasikia humo zaidi hofu yake kuliko dharau. Siku ile nilichosikia ni kwamba nitafukuzwa.

Bi Salma ndiye aliyenikuta nalia. Alikuwa opereta wa simu, mtu wa Lindi, mwanamke mnene wa miaka arobaini na kitu, anakaa kwenye kibanda cha kioo pale mapokezi, kidude cha kusikilizia kimekaa juu ya mtandio wake. Alikuwa amefiwa na mume, analea watoto wawili kwenye vyumba vya kupanga kule bondeni, karibu na mto. Hakuniuliza nalilia nini. Alisema, "Njoo ule kwanza, umekonda kama huo waya wako," akafungua hotipoti: wali, kisamvu cha nazi, dagaa waliokaangwa wakakauka vizuri. Tukala kibandani kwake, yeye anapokea simu kati ya tonge na tonge. Toka siku hiyo nikawa nala pale. Nikamweleza habari ya foleni, kwamba ni kama dirisha la dawa: mwenye kifafa cha mimba hawezi kusimama nyuma ya mwenye mafua, hata kama mwenye mafua alitangulia. Akatafuna, akafikiri. "Kwa hiyo kazi yako ni kumwambia mtu ngoja."

"Ndiyo, Bi Salma."

"Na huyo anayeambiwa ngoja anajua kwa nini?"

"Hajui. Anaona tu mambo yanaenda taratibu."

"Haya," alisema. "Kazi ngumu hiyo."

Nilipata swichi chakavu stoo, nikaiweka mezani kwangu na simu kadhaa na kompyuta mbili. Simu moja niliivuta kwa waya mrefu hadi kibandani kwake, na kila kulipopungua wagonjwa nilikuwa naijaza njia kwa makusudi, kompyuta zinarushiana mafaili makubwa, huku namsomea Bi Salma magazeti kwenye simu naye ananiambia anasikia nini. "Unaongea kama mtu aliye ndani ya pipa," alikuwa akisema. "Sasa umepotea. Sasa umerudi." Mara ya kwanza niliipa sauti njia yote bila kikomo. Yeye akasikia safi kabisa, lakini simu zilipoongezeka kompyuta ziliganda, na nikajifunza kwamba hata anayetangulia lazima awekewe mpaka, la sivyo majibu ya maabara hayafiki kamwe. Kosa la pili ndilo lililonitisha. Kila simu huweka alama kwenye vipande vya sauti, ili swichi ivitambue. Nikawasha foleni kabla ya kuiambia swichi iziamini hizo alama, na swichi ikazifuta zote. Sauti ikawa mbaya kuliko mwanzo. Bi Salma akavua kidude chake sikioni. "Mwanangu, hapo umeua mtu." Alisema kwa utani, lakini niliacha kucheka naye. Siku ile sikula.

Nilipomwambia Injinia Mushi kwamba nimeweza, alisimama mlangoni akaitazama meza yangu. "Mezani hakuna mgonjwa," alisema. "Tutafanya mvua zikiisha." Nilishukuru moyoni. Ndivyo nilivyokuwa: niliomba kazi nipewe, nikinyimwa nilipumua.

Mvua hazikuisha. Siku ninayoikumbuka ilianza kunyesha alfajiri na haikupumzika, mvua ya masika ile inayoshuka kama imemwagwa. Kufikia mchana barabara ya kwenda mjini ilikuwa imefungwa na maji, Injinia Mushi yuko Temeke, wafanyakazi wa zamu ya asubuhi wamekwama kwetu na wa jioni hawajafika. Umeme wa mtaa ulikatika, sie tukawa kwenye jenereta, na mnara wa simu za mkononi uliokuwa karibu nasi ukafa. Watu wote waliokuwa jengoni, manesi, ndugu wa wagonjwa, walinzi, wakahamia kwenye intaneti ya hospitali, nayo ilitufikia kupitia Temeke. Kila mmoja alikuwa anapiga simu nyumbani kwa njia hiyo, anapokea picha za mafuriko, anatuma za kwake. Kuizima nisingeweza, kwa sababu tableti za wodini zilitumia intaneti hiyohiyo kuona mafaili ya wagonjwa. Laini yetu moja ya Temeke ikajaa pomoni. Nilikuwa nimesimama kibandani kwa Bi Salma tunatazama maji yakipanda ngazi za mapokezi, naye ameshika simu yake ya mkononi karibu na mdomo. Alikuwa anaongea, kwa intaneti hiyohiyo, na binti yake, Mwanaidi, wa miaka kumi na tatu, aliyekuwa nyumbani peke yake na mdogo wake. Upande wa mtoni mnara bado ulikuwa hai. "Yamefika wapi? Kizingitini? Usilie. Mshike Shafii. Usikate simu, mie niko hapa."

Hapo ndipo simu ya mezani ikalia kutoka chumba cha upasuaji. Bi Salma akaipokea kwa sikio la pili, akaiunganisha na Temeke, kisha akabonyeza spika akanitazama, na nikaona uso wake umebadilika. Dokta Baraka, daktari kijana wa zamu, alikuwa amempasua mama mmoja kumtoa mtoto. Mtoto ametoka, lakini mama anavuja damu na haikati. Bingwa wetu, Dokta Kapinga, alikuwa Temeke na asingeweza kuvuka maji. Alikuwa anamwongoza Baraka kwa simu. Sauti yake ilitufikia imetobokatoboka. "Baraka, nisik... u... toe kizazi... mishipa..." Baraka akapiga kelele, "Dokta! Umesema nitoe au nisitoe?" Yule mama alikuwa na mimba yake ya kwanza. Neno zima lilikuwa limening'inia kwenye silabi moja, nayo ilikuwa imetupwa mahali fulani njiani kati ya Temeke na Tegeta, ili picha ya gari lililozama ipite.

Nikampigia Injinia Mushi kwa simu ya pili ya kibandani, nayo nikaiweka spika. Nilimweleza haraka, sijui alisikia nini. Nikamuuliza nipange foleni sasa hivi? Jibu lake lilikuja hivi: "Seke... u... guse swichi... sasa." Laini ikafa. Nikamtazama Bi Salma. "Amesema uguse," akasema. Nikamwambia, "Au usiguse." Nilimweleza kwamba nikikosea, hata hizo sauti zenye matundu zitakatika, Dokta Baraka atabaki peke yake na yule mama. Na nikipatia, intaneti ya watu wote itarudi nyuma kabisa ya foleni. Sikuhitaji kumwambia ni simu ya nani itakuwa ya kwanza kukatika. Alikuwa bado ameishika mkononi, na tulikuwa tunamsikia Mwanaidi humo ndani akiuliza, "Mama, tutoke au tukae?"

Bi Salma alifumba macho. Nimewaona watu wakiamua mambo mengi toka siku ile, mbele ya kamati, mbele ya mikataba, sijawahi kuona uso kama ule. Kisha akaniambia bila kunitazama, "Nenda kafanye. Usinisubiri."

Nilikimbia koridoni maji yakinirukia miguuni. Chumba cha mitambo kilikuwa giza, kiyoyozi kimezimwa kuokoa jenereta, joto la dobi limejaa humo. Kulikuwa na swichi mbili za kubadilisha, moja kila mwisho wa ile laini, nami nilizifikia zote kwa kompyuta yangu. Ilibidi nianze na ya Temeke, ile ya mbali, njia ya kuifikia ikiwa bado nzima, kwa sababu nikiharibu ya karibu naweza kuichomoa na kuiwasha upya, lakini nikijifungia nje ya ile ya mbali hakuna wa kunifungulia, Injinia sasa hapatikani kwa simu. Nilikuwa naandika herufi moja moja kwa kidole kimoja, kama mzee, nisikosee hata moja. Iamini alama ya simu. Sauti mbele. Sauti isizidi mpaka huu. Mafaili na maabara katikati. Intaneti ya wageni mwisho. Washa. Kabla ya kubonyeza mara ya mwisho nilisoma kila mstari kwa sauti, na nilijisikia naomba Mungu katikati ya mistari, maneno ya sala yanachanganyika na ya swichi. Nikabonyeza. Taa hazikuzimika. Nikahamia ya Tegeta, nikafanya vilevile. Sikuhifadhi mabadiliko, kusudi nikiona mambo yameharibika nichomoe waya wa umeme irudi kama zamani. Nilikaa nimeushika waya huo mkononi, nasubiri kusikia mtu akipiga kelele koridoni.

Hakuna aliyepiga kelele. Nikarudi kibandani natembea kwa kushika ukuta. Spika ilikuwa inaongea, na sauti ya Dokta Kapinga ilikuwa imejaa chumba kizima kama amesimama kati yetu. "Narudia. Usitoe kizazi. Usitoe. Nesi abane hapo kwa ngumi, wewe funga mshipa wa kushoto kwanza. Niambie unaona nini." Na Baraka akajibu, na nyuma yake tukasikia kitu ambacho hatukuwa tumekisikia kabisa: mtoto analia. Alikuwa analia muda wote ule, ila sauti yake ilikuwa haitufikii. Nilimgeukia Bi Salma ili tufurahi wote. Alikuwa ameiweka simu yake ya mkononi mezani, kioo kimeangalia juu, imekatika. Alikaa kwenye kiti chake, kidude sikioni, akaishika ile laini ya upasuaji mpaka Dokta Kapinga aliposema damu imekata. Ndipo akasimama akaniambia, "Sasa mie nakwenda."

Nilikwenda naye. Mvua ilikuwa imepungua lakini maji yalikuwa yanatufika mapajani, mekundu, yanatembea na majani na ndala za watu. Niliogopa kumwangalia, niliogopa zaidi tutakachokikuta. Nyumba waliyopanga ilikuwa imejaa maji hadi dirishani, mlango uko wazi, godoro linaelea ndani. Bi Salma aliita jina la binti yake, akaita la mwanawe, akaita tena, na sauti yake, ambayo Tegeta nzima iliijua kwa upole wake, ilipasuka. Wakatuita kutoka juu. Kulikuwa na pagale la ghorofa hatua chache kutoka pale, na majirani walikuwa wamepanda huko. Mwanaidi alikuwa amekaa pembeni, amelowa, amembeba Shafii mapajani ingawa mtoto alikuwa mkubwa.

Bi Salma alimkumbatia. Mwanaidi hakunyanyua mikono. "Nilikuuliza tutoke au tukae, ukakata," alisema. "Nikakaa nikingoja upige tena. Maji yamefika kitandani, Mama. Ni Baba Zawadi wa jirani ndiye aliyetuvuta dirishani."

"Kulikuwa na mama mwingine kwenye laini, mwanangu."

"Na sie?"

Bi Salma alivua mtandio wake uliolowa, akaukamua, akaanza kumfuta Shafii kichwani. Nilitaka kusema kwamba ni mie niliyeandika, kwamba mama yake hakukata. Nikaanza kusema. Bi Salma akanizuia kwa mkono, bila hasira, akaendelea kumfuta mtoto.

Yule mama aliondoka hospitalini kwa miguu yake, na kizazi chake. Injinia Mushi alifika barabara zilipofunguka, akaiangalia swichi kwa muda mrefu, akahifadhi mabadiliko yangu kwa mkono wake mwenyewe. Nilimuuliza siku ile alikuwa amesema uguse au usiguse. Akasema, "Nilisema uguse, bila shaka." Lakini alijibu upesi mno, nami hadi leo sijui. Kabla mwaka haujaisha nilithibitishwa kazini, nikapanga foleni jengo zima. Watu wananiambia hofu huwa inaisha kwa mazoea. Yangu haikuisha. Ilibadilika tu: zamani niliogopa kuzima, siku hizi naogopa yule wa mwisho kwenye foleni, ambaye simjui na sitamwona. Bi Salma alihama bonde lile, akapata kiwanja huku Chanika, na kwa miaka mingi tulisalimiana kwa simu siku za sikukuu. Hatukuizungumzia siku ile hata mara moja.

Nilikuwa nimefika hapo kwenye mawazo yangu pale mkekani, chai imepoa mkononi, mwanamke mmoja alipokuja akakaa mbele yangu, mtoto mchanga amelala mapajani mwake. "Wewe ndiye Sekela," alisema. Ni macho yaliyonijulisha kwamba ni Mwanaidi. Nikampa pole, akaitikia. Nikamuuliza kama mama yake aliwahi kumsimulia.

"Kila mvua ikinyesha," alisema. "Kuna kitu nimetaka kukuuliza toka nipo mdogo. Ungejua kwamba maji yamefika kitandani, ungengoja?"

Nilikuwa na majibu mengi mazuri. Nimeyatumia darasani, nimeyatumia kwenye semina. Nikayaacha. "Sijui, Mwanaidi," nikamwambia. "Ningeogopa zaidi ya nilivyoogopa. Lakini ningefanya nini, sijui."

"Na Mama alinijibu hivyohivyo," alisema.

Wageni wengine walikuwa wameingia, mtu akamwita kutoka mlangoni. Akamnyanyua mtoto taratibu asimwamshe, akamlaza mapajani mwangu, akanirekebisha mkono ukae chini ya shingo yake. "Nishikie," aliniambia, akaenda kuwapokea.